Binti wa Mfalme na Binti wa Diwani

Mtoto wa kiongozi hana jina lake. Hapa Ngoliba, nikishuka kwenye matatu ya kutoka Thika, hakuna anayeniuliza habari za kazi yangu ya uandishi. Mimi ni "msichana wa diwani" tu. Diwani mwenyewe ni baba yangu, aliyewawakilisha watu wa sehemu hizi kabla ya mabaraza ya wilaya na miji kuvunjwa mwaka wa 2013.

Sasa nyumba yetu imegawanyika. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 22, anataka kuwa mwigizaji. Amekwisha kupanda jukwaani mara kadhaa na kusifiwa. Baba naye anamtaka awanie uwakilishi wa wadi katika uchaguzi ujao.

"Kuigiza ni mchezo. Siasa ndiyo kazi," husema mzee.

Wanaomtetea dada yangu humtaja Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, aliyetuzwa Oscar mwaka wa 2014. Mimi humkumbuka mwingine aliyeyaonja yote mawili: Binti-mfalme Elizabeth wa Toro, nchini Uganda.

Alizaliwa mwaka wa 1936, binti wa Omukama George Rukidi wa Tatu. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza. Mwaka huo huo baba yake akafariki. Ilipofika 1967, Rais Milton Obote alizifuta falme zote za Uganda.

Je, msomaji mpendwa, ni nini kilichomfaa wakati huo? Si kiti cha babake. Mwaka huo wa 1967 Binti-mfalme Margaret, nduguye Malkia wa Uingereza, alimwalika katika onyesho la mavazi jijini London. Kutoka hapo akawa mwanamitindo aliyetafutwa hadi New York. Kisha akaingia katika filamu, ikiwemo ile ya 1971 iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe.

Siasa nayo ikamwita. Idi Amin alimfanya balozi, na Februari 1974 akampa wizara ya mambo ya nje. Novemba mwaka huo huo alimfuta na kumchafulia jina mbele ya ulimwengu. Miezi tisa tu! Mapema mwaka wa 1975 ilimbidi atorokee Kenya kuokoa maisha yake. Na alipoigiza tena katika filamu ya Sheena ya mwaka wa 1984, ilikuwa papa hapa Kenya ilikopigwa picha. Miaka miwili baadaye, serikali ya Yoweri Museveni ilimteua balozi nchini Marekani.

Sisemi siasa ni mbaya. Bila viongozi, nani angetupigania barabara na maji? Lakini cheo ni nguo ya kuazima. Mabaraza yalipovunjwa, wageni waliokuwa wakijaa uani kwetu kila Jumapili walikatika kama mvua ya vuli. Jina la baba laweza kukufungulia mlango, ila ukishasimama jukwaani, halikusemei maneno.

Nilimsimulia mzee kisa hiki. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Sasa huyo binti, ufalme ulipofutwa, alikula nini?"

"Alikula jasho lake, baba. Lile la kupigwa picha."

Akanyamaza kitambo, akijikuna kidevu. Mwishowe akasema kwamba dada yangu akiigiza tena, amletee tikiti moja, aende akaone kwa macho yake.

Hajakubali. Lakini wazazi wangapi miongoni mwetu wamewahi kuomba hata tikiti hiyo moja?