Baga ya nyumbani, kutoka Kilosa hadi Mikumi kupitia Ulaya

Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa barabara, utapita Ulaya. Si Ulaya ya viza na makoti mazito. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na wenyeji wake wameshazoea utani wa wageni wanaojisifu kwamba wamefika Ulaya bila pasipoti. Safari yenyewe huishia Mikumi, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na huko Ulaya nyingine huonekana kwenye menyu za hoteli za watalii: baga, piza, sandwichi, chipsi.

Kwa familia za Kilosa, baga ilikuwa chakula cha huko, cha kuangaliwa kwenye simu au kuliwa siku mtoto akipelekwa Mikumi au Morogoro mjini. Siku hizi imeanza kuingia majikoni, hasa Jumapili na siku za likizo, watoto wanapochoka wali na maharage. Na ikishaingia jikoni, wazazi huuliza swali moja: je, hiki si ndicho chakula kinacholeta presha, sukari na vitambi?

Jibu halimo katika jina la chakula. Limo buchani, kwenye ubao wa kukatia na kwenye chupa ya soda iliyowekwa pembeni.

Kwanza, baga si mgeni kama inavyodhaniwa. Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ilipita hapa, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na vitongoji vyake yakaleta watu wa kila kabila na wa nchi mbalimbali. Leo reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, nayo ina stesheni Kilosa. Mji wa namna hiyo haushangai chakula kipya. Sikiliza tu maneno ya jikoni: skonzi, steki, katlesi, chipsi, soseji, keki. Yote yalitoka kwa Waingereza na hakuna anayeyaona ya kigeni tena. Mama anayejua kutengeneza katlesi au kababu za nyama ya kusaga ameshajifunza nusu ya baga. Skonzi ndiyo mkate wake. Kachumbari ndiyo mboga yake.

Na kwa wanaosita kwa sababu ya dini, neno hambaga halina uhusiano na nguruwe. Linatokana na Hamburg, mji wa Ujerumani. Baga ya kawaida ni ya nyama ya ng'ombe.

Bucha na mashine

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Kilosa, mama wa watoto watatu, huanza kazi hii Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Muuza bucha ni kijana aliyepita darasani kwake.

"Shikamoo mwalimu. Leo nikupimie mchanganyiko?"

"Marahaba mwanangu. Nipe steki, robo tatu. Muhuri uko wapi?"

Kijana anageuza paja lililoning'inia na kumwonyesha alama ya mkaguzi.

"Nikusagie?"

"Mashine mmeiosha saa ngapi?"

"Jana jioni mwalimu, na leo hatujaanza kusaga."

"Basi acha. Nitasaga mwenyewe."

Mtu akisikia maongezi hayo anaweza kudhani mwalimu ana maneno mengi. Lakini hapo ndipo penye usalama wa baga yote. Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu zaidi kwa nje, kwenye sehemu iliyoguswa na kisu, mikono, meza na nzi. Ukikichoma au kukikaanga, moto huanzia huko huko nje. Nyama ikisagwa, kilichokuwa nje kinachanganywa na cha ndani, na kila punje ya nyama inaweza kubeba vijidudu. Mashine ambayo haikuoshwa vizuri nayo huongeza vya jana yake.

Ndiyo maana nyama ya kusaga haina mambo ya "nusu mbichi". Mwaka 1993 nchini Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne walifariki kutokana na bakteria aina ya E. koli waliokuwa kwenye baga za mtandao mmoja wa migahawa, ambazo hazikuiva vya kutosha. Bakteria hao huweza kuharibu figo za mtoto. Nchi hiyo inashauri nyama ya kusaga ifikie joto la nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Kilosa wachache wana kipimajoto cha jikoni, na mwalimu hana. Yeye huchagua kipande kinene kuliko vyote, akakikata katikati. Akiona uwekundu au maji ya rangi ya damu, vyote vinarudi kikaangoni.

Muhuri nao si wa kupuuzwa. Nyama ikishasagwa haina sura. Huwezi kujua ilikuwa paja au utumbo, ng'ombe aliyechinjwa akiwa mzima au kibudu. Katika wilaya inayopakana na hifadhi ya wanyama kuna swali la ziada. Nyamapori ya magendo ni kosa la jinai, na pia haikupita mbele ya mkaguzi yeyote. Mtu akikuletea mlangoni nyama iliyosagwa tayari kwa bei ya kutupa, mwache aende nayo.

Nyama kidogo, mboga nyingi

Robo tatu ya kilo humtosha mwalimu kwa baga nane za gramu 90 hivi kila moja. Nyama aliyoisaga kwa mashine ya mkono inayofungwa pembeni mwa meza (jirani asiye na mashine hukatakata kwa kisu kizito mpaka ilainike) huchanganywa na kitunguu maji kilichokatwa vidogo sana, punje mbili za kitunguu saumu na pilipili manga. Chumvi nusu kijiko cha chai kwa nyama yote, na huitia mwishoni kabisa, kwa sababu nyama iliyokaa na chumvi muda mrefu hukamatana ikawa ngumu kama soseji. Hukandwa kidogo tu. Kila donge hubonyezwa liwe bapa, pana kuzidi skonzi kidogo, kisha hutiwa kishimo katikati kwa kidole gumba. Bila kishimo hicho, nyama hujikunja na kuvimba kama mpira.

Kikaango kinapata moto kwanza, ndipo vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Dakika nne mpaka tano kila upande, kwa moto wa wastani. Moto mkali wa mkaa hudanganya: nje inakuwa nyeusi, ndani bado. Na kile kitendo cha kukandamiza nyama na mwiko ili "ichuruzike" kinaondoa maji yake na kuacha kitu kikavu cha kushushiwa na soda.

Skonzi za dukani zinafaa. Anayetaka kuoka mwenyewe atumie nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kikubwa cha sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, chumvi kidogo, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na maziwa ya uvuguvugu kama kikombe kimoja na robo. Kanda mpaka unga uache kunata, uache uumuke kwa saa moja, tengeneza madonge nane, yaumuke tena, kisha oka kwenye sufuria yenye mkaa juu na chini.

Kachumbari ni ya nyanya, tango, kabichi na ndimu. Hukatwa kwenye ubao wake, kwa kisu chake. Ubao uliokatiwa nyama mbichi ukitumika kwa kachumbari bila kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kazi yote ya kuivisha nyama imepotea, maana kachumbari haipiti motoni.

Sasa turudi kwenye lile swali la presha na vitambi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 uligundua kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Mama na mtoto wake wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja, mmoja akiwa na cha kupunguza na mwingine akiwa na cha kuongeza. Gramu 90 za nyama ya ng'ombe zina madini ya chuma ambayo mwili wa mtoto huyachukua kwa urahisi, na ndimu na nyanya huusaidia kuyachukua hata yale yaliyo kwenye mkate na mboga. Kwa mtoto huyo, baga ya mwalimu ni chakula kizuri.

Kwa mama yake pia, ikiwa ni moja. Shida huja na vilivyoizunguka. Soda ya kola ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Hakuna mzazi wa Kilosa ambaye angemtilia mtoto vijiko tisa kwenye kikombe cha chai na kunyamaza. Tomato sosi ina sukari na chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwa pamoja na ile iliyofichwa kwenye mkate. Ukiongeza sahani ya chipsi zilizozama kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi, hapo ndipo presha na kitambi vinapopata njia. Nyumbani kwa mwalimu chipsi hazipikwi siku ya baga. Viazi huchemshwa au haviliwi kabisa, na kinywaji ni maji au juisi ya ukwaju yenye sukari ya kuonja.

Soseji nazo zina habari yake. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Nyama mbichi uliyoisaga leo na kuipika leo haimo katika kundi hilo, ingawa nyama nyekundu kwa jumla iliwekwa kwenye kundi la vitu vinavyohofiwa, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutoila kila siku. Baga ni ya wiki mara moja, pengine mbili kwa mwezi.

Kwa wiki zilizobaki kuna baga ya kunde, na kwa ladha peke yake inastahili nafasi hata kama nyama ingekuwa bure. Kilosa si mahali pa kukosa kunde. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilomita chache tu kutoka mjini, kimefanya kazi ya mbegu za mahindi na mikunde kwa miongo mingi. Anayejua bajia anajua namna yake: loweka kunde usiku kucha, toa maganda, saga bila maji mengi, tia vitunguu, pilipili na kotimiri. Badala ya kuzitumbukiza kwenye mafuta mengi, zibonyeze ziwe bapa na uzikaange kwa mafuta machache. Watoto wa mwalimu walizikataa mara ya kwanza. Mara ya pili walizila bila kuuliza, kwa sababu hawakuambiwa.

Hadi Mikumi

Siku za likizo familia hiyo hubeba baga kwenda Mikumi. Barabara ya kupitia Ulaya ni ya kwenda polepole, vumbi kiangazi na matope masika katika sehemu zisizo na lami, na joto la ndani ya gari si la mchezo. Chakula kilichopikwa chenye nyama hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kwa hiyo mwalimu hapangi baga tayari kwenye mfuko. Nyama hukaangwa kabisa alfajiri, hupoa, huwekwa kwenye ndoo ya barafu. Skonzi husafiri peke yake na nyanya huenda nzima. Wakifika, nyama hupashwa moto kwenye kijiko cha mkaa hadi ifuke mvuke.

Mikumi penyewe ni mji wa watu wanaopita. Mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea, malori ya Zambia na Kongo, watalii wa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Abiria wa basi ana dakika kumi za kuchimba dawa na kula, na anachopewa kwa dakika hizo ni chipsi, mishikaki na soda, kwa kuwa ndivyo vinavyotoka haraka. Si haki kumlaumu muuzaji wala abiria. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua, kama familia yenye gari na ndoo ya barafu, ana chakula bora kuliko cha dirishani.

Barabara kuu hukata hifadhi kwa kilomita kama 50. Twiga, pundamilia na tembo huonekana bila hata kushuka garini, na nyani hukaa kando ya lami wakisubiri. Wamejifunza kwamba madirisha ya magari hutoa maganda ya ndizi, mifupa na vipande vya mkate. Kuwatupia ni marufuku, na nyani aliyezoea skonzi hugongwa na malori kwa sababu hataki kuondoka barabarani. Mwalimu huwalisha wanawe Mikumi mjini kabla ya kuingia hifadhini, madirisha yakafungwa, na mfuko wa taka ukarudi naye Kilosa.