Hita ya Pikapu ya Baba

Watu wengi wa nchi yetu, hasa wale waliozaliwa Mombasa au Kisumu, hucheka wasikiapo kwamba motokaa yaweza kuhitaji chombo cha kupashia joto. Jua la huko humtosha dereva na abiria wake, likasaza. Lakini Kenya si pwani wala ziwa peke yake. Kwetu Kinangop, chini ya milima ya Aberdare, nchi imeinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai huja na asubuhi ambazo umande huganda majanini, na ukungu hulala barabarani hata jua likapanda. Huko chombo hicho, ambacho mafundi hukiita hita, si anasa. Mimi mwenyewe sikulitambua jambo hili mpaka siku Baba aliponusurika kumgonga punda.

Baba alikuwa na pikapu ya Peugeot 404, ambayo gia zake hubadilishwa kwa mkono ulio kando ya usukani. Motokaa za aina hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1960, na zilishinda mashindano ya Safari Rally katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Baba alizitaja tarehe hizo kama mtu atajaye miaka ya kuzaliwa kwa watoto wake, ingawa pikapu yake haikupata kushindana na kitu chochote ila matope. Ilibeba kabeji na viazi kwenda soko la Naivasha, na kwa kuwa soko huanza mapema, safari zake zilikuwa za alfajiri.

Alfajiri moja, akiwa njiani, mkokoteni wa punda uliobeba maziwa ulitokea mbele yake ghafula. Alikata usukani, akaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila mitungi miwili ya maziwa ilimwagika, naye akailipa. Jumapili iliyofuata ndugu zangu walikutana, wakakata shauri kwamba macho ya Mzee yamechoka na kwamba ufunguo hauna budi kuchukuliwa. Mimi, niliye kitinda mimba, ndiye niliyetumwa kwenda kuutwaa. Kazi chungu aghalabu hupewa mdogo.

Nilifika jioni, nikashindwa kusema. Asubuhi Baba akanitaka nimsindikize, nami nikaketi kando yake kama mwizi. Hatujaenda hata maili moja, kioo cha mbele kikageuka cheupe kwa ndani. Baba alitoa kitambaa, akapangusa kwa mkono wa kushoto huku akiendesha kwa wa kulia. Alipomaliza upande mmoja, wa pili ulikuwa umekwisha kuziba. Mimi nilikuwa kijana mwenye macho makali, wala sikuiona barabara. Nikamwuliza kwa nini hafungulii hita. Akajibu, "Hita hiyo ilikufa zamani, mwanangu. Nimezoea."

Basi ufunguo niliuomba kweli, lakini kwa kazi nyingine.

Yafaa nieleze jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Injini hupozwa kwa maji, na maji hayo huchemka karibu ya kutokota kabla ya kurudi kwenye rejeta kupoa. Hita huyaazima kidogo maji hayo ya moto: hupita katika koki, yakaingia katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, kisha yakarudi injini. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo, na vibati vya ndani huielekeza miguuni au kiooni. Ukungu wa kioo si kitu ila pumzi za watu, na unyevu wa magunia na nguo zao, uliogusa kioo baridi ukawa maji. Hewa yenye joto hukipasha kioo na kuunywa unyevu huo. Madereva wa kwetu husugua kioo kwa kiazi kilichokatwa, na hakika husaidia kidogo, lakini kiazi hakina joto.

Dereva huitawala hita kwa vishikio viwili. Kimoja huelekeza hewa. Hicho kilikuwa kizima, ila panya walikuwa wamejenga nyuma yake, nikatoa kiota chao kizima. Cha pili ndicho cha joto, nacho kilikwenda huku na huku pasipo uzito wowote, kama jino lililolegea. Nilidhani waya umekatika. Nilipolala chali chini ya dashibodi nikaona waya u mzima, ila bano linaloshika ala yake limetoka. Kwa hiyo kila Baba alipovuta, ala na waya vilikwenda pamoja, na mwisho wa pili, kwenye koki, hakuna kilichotikisika. Nilirudisha bano, nikavuta tena. Safari hii kishikio kilikataa kabisa, kwani koki nayo ilikuwa imeganda kwa ukoko wa maji ya miaka mingi. Nikatumia nguvu, na hapo ndipo waya ulipokatika kweli, kwa upumbavu wangu.

Nilipofuata mipira ya maji nikakuta jambo la tatu. Fundi mmoja alikuwa ameikata hita, akaiunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba. Mama alicheka nilipomwonyesha. Alikumbuka siku hita ilipovuja ikamchoma vidole vya miguu, na fundi aliyeitwa akaponya vidole kwa kuiua hita.

Koki niliilowesha kwa mafuta ya taa siku mbili, nikiigeuza unywele kwa unywele mpaka ikakubali. Rejeta ndogo niliiosha. Ilitapika tope jekundu karibu ndoo nzima. Palipokuwa pakivuja palichomelewa kwa risasi. Waya ndio ulionifundisha adabu. Nilitia waya wa breki ya baiskeli, nikajiona hodari. Ulifungua koki vizuri sana, lakini haukuweza kuifunga, maana waya ule umesokotwa kwa nyuzi nyembamba, huvuta, hausukumi. Hita hutaka waya mmoja mgumu, uvutao na usukumao. Nilipata waya wa choki katika maduka ya vipuri ya Grogan, Nairobi, ukafaa kama uliozaliwa humo. Niliifunga koki kabisa, nikaweka kishikio kwenye baridi, ndipo nikalikaza bano. Ukikaza kabla, joto halitafika mwisho au halitazimika.

Hata hivyo hewa ilitoka baridi. Injini ilikuwa ikitokota, na mimi nilikaribia kulia. Ni Baba aliyesema kwamba maji hayapandi penye pumzi. Tuliacha injini ipoe, kwa kuwa kufungua mpira wa maji ya moto ni kujitafutia kovu, tukalegeza mpira wa juu na kuongeza maji taratibu. Ulikoroma, ukatema hewa, kisha maji matupu yakatoka.

Alfajiri ya kesho yake tulishuka Naivasha na mzigo wa kabeji. Ukungu ulikuwa ule ule. Baba alisukuma kishikio, na baada ya muda pembeni mwa kioo, chini, pakatokea vipande viwili vyeusi, vikapanda, vikakutana, na barabara yote ikawa mbele yetu, na mistari yake na mawe yake. Baba hakusema neno. Kitambaa alikitia mfukoni.

Kisha lori likatokea, taa zake zikiwaka. Baba alipunguza mwendo, akasimama kando ya barabara, akakaa kimya mpaka likapita.

"Kioo ni safi kabisa," akasema. "Lakini taa za lori lile zimetawanyika machoni mwangu kama miiba. Hebu shika usukani wewe."

Tulibadilishana viti. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho, naye akaona mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Ufunguo wa pikapu tuliutundika msumarini jikoni, na ndugu zangu walikubali ukae pale mpaka atakapofunguliwa bandeji.