Jumamosi na Dominika Huko Rutshuru

Mwalimu akiwa nchi ya watu, siku tano za juma si zake. Ni za ubao na chaki. Jumamosi inapofika ndipo anapojua kwamba yu mgeni. Hana shamba la kulima, hana shangazi wa kumtembelea, na madaftari ya wanafunzi humalizika kusahihishwa kabla jua halijawa kali. Hapo achague moja: kujifungia chumbani na redio yake, au kuvaa viatu na kutoka. Mimi nilitoka. Nami napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, kwa maana siku hizo za mapumziko zilinieleza kazi yangu kuliko chuo kilivyonieleza.

Nilifundisha Kiingereza Rutshuru, mashariki ya Kongo, tangu mwaka 2014 hata 2017. Rutshuru ni mji mdogo katika nchi ya Bwisha, kilomita kama 70 kaskazini ya Goma. Kwetu ni Bukoba, Tanzania. Mwaka 2013 askari wa Tanzania walikuwa wamekuja huko, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopigana na waasi wa M23. Basi watu waliposikia nimetoka Tanzania, waliniuliza kwanza bunduki yangu iko wapi. Nikawaonyesha chaki, wakacheka sana.

Shuleni masomo yalifundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza kilikuwa somo moja tu la madarasa ya juu. Nyumbani watoto hunena Kinyabwisha au Kinande. Sokoni na kanisani, Kiswahili. Kijana wa miaka 16 alikuwa na lugha tatu kinywani kabla sijaja kumwongezea ya nne. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kumwona mjinga alipokosea neno. Hata Kiswahili changu kilirudishwa shule: kisamvu nilikiita sombe, ugali nikauita bugali, na nilipomwamkia mzee shikamoo, watoto walinitazama kana kwamba nimepiga chafya. Huko husema, “Jambo, muzee,” na kutoa mkono kwa heshima.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenda Bunagana, mpakani na Uganda, kwa pikipiki. Gari litokalo Kongo, lililokuwa likienda upande wa kuume, likivuka hapo huhamia upande wa kushoto. Lugha nazo huhama vivyo hivyo: huku karatasi ni za Kifaransa, kule ni za Kiingereza. Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa darasani mwangu, akaniita nimsomee risiti aliyopewa upande wa Uganda. Nikasoma. Fedha zilizoandikwa zilikuwa chache kuliko zile alizotoa kwa mkono wa mtu aliyejifanya msaidizi wake njiani. Mama akanyamaza, akaikunja risiti, akaifunga katika pindo la kitenge chake. Jumatatu niliandika risiti kama ile ubaoni, na darasa zima likajifunza kuisoma kwanza, ndipo tukaendelea na habari za Shakespeare.

Jumamosi nyingine vijana wanne walinipeleka mtoni. Tulikuwa na sharti moja: kwenda kwa Kiingereza, kurudi kwa Kiswahili. Mto Rutshuru hushuka kwa ghadhabu katika maporomoko yake, kisha hutulia na kwenda kuingia Ziwa Edward. Toka huko mto Semliki huyachukua maji mpaka Ziwa Albert. Nikawaambia kwamba Ziwa Victoria, nililoogelea utotoni, nalo hutoa maji yake pale Jinja, nayo hufika Ziwa Albert hilo hilo. Basi maji ya kwetu na maji ya kwao hukutana, yakashuka pamoja katika mto Nili hata Misri. Lakini Goma, ng'ambo ya volkeno, maji ya Ziwa Kivu huelekea kusini, yakapita Ruzizi na Tanganyika, yakaingia mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Vijana walikuwa wameipita njia ile ya Goma mara nyingi, wala hawakujua kwamba wanavuka kutoka mto mmoja mkubwa wa Afrika kuingia mwingine.

Tulikwenda hata Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925 na ndiyo ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Njia ilikuwa na hatari, nasi tulifuata msafara wa magari yenye askari. Huko korongo wakubwa wenye vichwa vya upara hutembea kati ya watu kama wazee wa baraza, wakingoja matumbo ya samaki. Usiku kiboko alikuja kula majani nyuma ya nyumba tuliyolala, na mwenye nyumba akatukataza kutoka hata kwa haja. Kijana mmoja akaninong'oneza, “Mwalimu, naomba ruhusa niogope kwa Kiswahili.” Nikampa ruhusa, maana hata mimi nilikuwa nimekwisha kusahau Kiingereza changu.

Lakini neno lililonikaa moyoni kuliko yote nililisikia Dominika moja, baada ya Misa, huko Kiwanja. Kiwanja ni jirani na Rutshuru, na mwezi wa Novemba 2008 watu wengi waliuawa huko katika vita. Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wangu, alikuwa amenialika kula maharage na ndizi. Tulipokwisha kunawa mikono, akasema, “Mwalimu, unatufundishia mtoto Kiingereza. Aksanti. Lakini nikuulize: Kiingereza hicho kitamuchukua ao kitamurudisha?”

Sikuwa na jibu tayari. Mzee alikuwa amezika ndugu, na mwana huyo ndiye aliyebaki wa kumlimia. Kijana mwenye lugha ya kigeni huweza kwenda Kampala au Nairobi, na jembe likabaki limeegemea ukuta. Nilimwambia tu kwamba nitalichukua swali lake niende nalo.

Nilikwenda nalo miaka miwili. Desemba 2015 kituo cha umeme cha Matebe kilifunguliwa katika mto ule ule wa Rutshuru, chenye nguvu ya megawati 13.8. Maji huchepushwa kidogo, huzungusha mitambo, kisha hurudishwa mtoni yaendelee na safari yake. Umeme ulipofika, kijana mmoja wa darasa langu alifungua kinu cha kusaga unga. Mashine yake ilitoka Uganda, na maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza; aliyasoma mwenyewe, wala hakumlipa mtu. Nikaona kwamba lugha peke yake haimfukuzi mtu kwao. Mahali penye amani na kazi, hukaa ikafanya kazi.

Hata hivyo mwana wa yule mzee aliondoka. Mwaka 2016 alikwenda Uganda kutafuta maisha, na nilipoagana na Rutshuru mwaka uliofuata alikuwa hajarudi. Mzee hakunilaumu, naye hakurudia swali lake, nami niliona haya kupita mbele ya nyumba yake.

Kisha mwisho wa mwaka 2021 vita vikaanza tena. Juni 2022 Bunagana ikatekwa, na mwezi wa Oktoba Rutshuru na Kiwanja. Maelfu ya watu walikimbilia Uganda wakiwa na magodoro kichwani, na yule mzee akiwamo. Ng'ambo alimkuta mwanawe akimngoja, aliyejua kusema na polisi, na mganga, na mwenye nyumba ya kupanga. Siku moja simu yangu ikalia, nikaisikia sauti ile ile: “Mwalimu, Kiingereza hakikumurudisha mtoto. Kimenipokea miye.”

Basi, ndugu walimu mnaotumwa kufundisha ugenini, msizihesabu siku za mapumziko kuwa siku tupu. Nendeni mpakani mkasome risiti za akina mama. Nendeni mtoni. Ketini na wazazi baada ya Misa mkasikie maswali yao, hata yale msiyoweza kuyajibu. Yosefu na Maria nao walikimbilia Misri na Mtoto usiku, nao pia walihitaji mtu wa kuwaelewa huko ugenini. Hatujui mwanafunzi gani atakuwa mtu huyo kwa wazazi wake. Kwa hiyo tumfundishe kila mmoja vema, na tuiombee Rutshuru amani, ili wale waliokimbia wapate njia ya kurudi, wakisema lugha yoyote waipendayo.