Kabla ya Kununua Spika Nyingine

Kanisa Kuu la Salisbury, kusini mwa Uingereza, lilianza kujengwa mwaka 1220 na kuwekwa wakfu 1258. Mnara wake uliochongoka, wa mita 123, ulikuja kupandishwa baadaye juu ya nguzo ambazo hazikupangiwa mzigo ule. Simama katikati ya kanisa, inua macho: nguzo zimepinda. Mawe yamelemewa waziwazi, na hayajaanguka.

Mimi hupenda kwenda Sala ya Jioni, ambayo haina kiingilio. Kwaya hukaa pande mbili zikitazamana. Upande huu ukimaliza mstari wa Zaburi, ule unapokea. Watoto wanashika sauti ya kwanza, watu wazima zilizobaki. Wasichana walipata kwaya yao mwaka 1991, na katika hilo Salisbury iliyatangulia makanisa makuu mengine ya huku. Mle ndani sauti haifi upesi. Inapanda darini, inazunguka, inashuka kuikuta nyingine iliyokwisha kutoka. Ndiyo maana nyimbo za kina Thomas Tallis na William Byrd, za karne ya 16, zinakaa vizuri mle: hazina haraka, zinaliachia jengo nafasi yake. Ukiingiza ngoma utapata mvurumo mtupu.

Ila sisi waumini tuko kimya. Zaburi, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, vyote tunaimbiwa.

Nimelelewa Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, chini ya usimamizi wa Edward Steere, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wetu. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Pale ukianzisha wimbo, bibi wa benchi la nyuma atakudaka kwa sauti ya pili bila kuombwa, na padri asipowahi kukohoa, kiitikio kitarudiwa hadi jasho litoke.

Kwa ibada, nachagua Mkunazini. Kwa ufundi, Salisbury, na wala sioni aibu kusema. Watoto wale hawatushindi kipaji. Wanatushinda mazoezi: wanaimba karibu kila siku ya shule, chini ya mwalimu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Wa kwetu anaambulia soda na asante.

Wazee wa kanisa huko nyumbani, nawaomba: kabla ya kuchangisha fedha za spika nyingine, mlipeni mwalimu wa kwaya.