Usiku Mmoja Wodini

Watu husema kuwa mgonjwa huponywa na dawa. Neno hili ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili nilifundishwa usiku mmoja katika hospitali ya serikali, na somo lenyewe lilinigharimu aibu.

Mama yangu alishikwa na kichomi, akalazwa. Wodi ilikuwa na vitanda 30, na baadhi ya vitanda vilikuwa na wagonjwa wawili wawili. Yapata saa sita usiku pumzi za mama zilianza kuwa nzito. Nilimwita mwuguzi, akaitika, asije. Nilimwita mara ya pili na ya tatu. Kisha hasira ikanipanda. Nilimwendea, nikamwambia mbele ya watu kuwa hana huruma, na kuwa anakula mshahara wa bure.

Hakunijibu. Alikuwa ameinama juu ya msichana aliyekuwa akitoka damu. Mkono mmoja ulibana jeraha, na wa pili uliinua chupa ya maji ya mshipani, maana chuma cha kuitundikia kilikuwa kimevunjika. Damu ilipokatika, aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, nishikie chupa hii, nipate kwenda kumtazama mama."

Niliishika. Alinawa mikono kwa maji ya ndoo, kwa kuwa bomba lilikuwa kavu. Alimwinua mama, akamwegemeza juu ya mito, akamvutia mtungi wa oksijeni. Hata alfajiri mama alikuwa akipumua vyema.

Niliposimama na chupa ile nilipata nafasi ya kuhesabu. Wagonjwa walizidi 40. Mwuguzi alikuwa mmoja. Niliyemwita mvivu alikuwa akifanya kazi ya watu watano.

Tangu siku ile, nisikiapo huduma mbaya ikitajwa, huuliza kwanza: Wauguzi walikuwa wangapi? Dawa zilifika? Maji yalikuwapo? Maji si jambo dogo. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wanawake waliokuja kujifungua. Vifo vya wanawake hao vilipungua sana. Mkono mwema usionawa waweza kuua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Walakini haki iliyoandikwa haiwezi kuinua chupa. Hapana budi wawepo watu na vyombo vya kuitimiza.

Sisemi kuwa wauguzi wote ni wema. Wapo wenye ulimi mkali, nao hustahili kuonywa. Lakini mwenye kulaumu na atazame kwanza mzigo, ndipo amhukumu mchukuzi. Nanyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wauguzi, na wengine mtaketi katika mabaraza yanayogawa fedha. Wote wawili mtakuwa mmeushika uhai wa mgonjwa.

Asubuhi nilimwomba mwuguzi yule radhi. Alitabasamu kwa uchovu, akaniuliza kama mama amekunywa uji.