Margaret Wawili wa Nyumba ya Kenyatta

Margaret Wambui Kenyatta alipokuwa meya wa Nairobi mwaka 1970, mama yangu alikata picha yake gazetini, ule mkufu wa umeya ukimning'inia kifuani, akaibandika ukutani kwa gundi ya unga. Tulisoma shule tukiitazama. Hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa ameshika kiti hicho.

Watu walisema amepewa kwa kuwa ni binti wa Rais wa wakati huo, Mzee Jomo. Jina lilimsaidia, sikatai. Lakini alikuwa diwani tangu 1963, na umeya wenyewe alichaguliwa na madiwani wenzake. Mpango wa viwanja vya Dandora, 6,000 kwa jumla, ulianza 1975 yeye akiwa City Hall. Shangazi yangu, mjane mwenye watoto wanne, alipata kimoja: bomba la maji, choo, mtaro wa maji taka, na kuta ajijengee mwenyewe. Maji yalipokatika, shangazi alijifunga leso akaenda kumgongea diwani wake, kwa sauti ya mtu anayedai chake.

Kazi yangu ikawa uuguzi, miaka mingi katika wodi za wazazi. Nimewapokea akina mama waliofikishwa kwa mkokoteni, damu imeshawaishia njiani. Ndiyo maana mwaka 2014 nililia nilipomwona Margaret Kenyatta wa pili, mke wa Rais wa wakati huo, Uhuru, na wifi yake Wambui, akimaliza mbio za London, kilomita 42, baada ya saa saba na zaidi. Alikuwa akichangisha fedha za kampeni ya Beyond Zero, ili kila kaunti kati ya 47 ipate gari la kliniki. Mimi sikuwahi kumsikia Mama wa Taifa akiyasema mauti ya wazazi waziwazi namna ile.

Gari la kaunti moja nililiingia. Kitanda cha kupimia kilikuwa kipya, shuka zimenyooka, na foleni ya wajawazito ilifika hadi barabarani. Nilipopita tena baadaye, lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hospitali, halina mafuta wala dereva. Wale wajawazito wangemgongea nani? Gari lilikuwa zawadi, na aliyelileta hakuwa amepigiwa kura na yeyote. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo naona njia ya wifi yake ndiyo iliyompa shangazi yangu nguvu ya kudai.

Wambui alifariki Aprili 2017. Umeya nao ulifutwa 2013, magavana wakaingia. Anne Kananu alishika ugavana wa Nairobi 2021, baada ya aliyemtangulia kuondolewa, lakini kwenye sanduku la kura mji huu haujamchagua gavana mwanamke hadi leo. Binti zangu wanapigia kura Embakasi. Kila uchaguzi nawauliza ni nani kati ya wagombea anayeijua bajeti ya zahanati ya wadi yao.