Uchovu usioisha kwa kulala (sehemu ya 7)

Wapendwa wangu, niliwaahidi tutaongea kuhusu uchovu. Sio ule wa kulea kichanga, huo tunaujua wote. Leo naongelea uchovu wa mwenye MS, jina lake refu maltipo sklerosisi. Kwetu ni ugonjwa adimu, ila huwapata zaidi wanawake, mara nyingi kati ya miaka 20 na 40. Yaani umri wako wewe unayesoma huku unanyonyesha.

Kinga ya mwili inashambulia ganda linalofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochunika: taa inawaka, ila inasuasua. Mtu anaona ukungu jicho moja, au miguu inakufa ganzi, halafu anapata nafuu. Majirani wanasema karogwa, au anadeka.

Kuna dada namtembelea hapa Kisongo, mama wa watoto wawili. Kipimo cha MRI alifanyiwa KCMC, Moshi. Miguu ina nafuu sasa. Kinachomtesa hakionekani. Ukimuuliza kitu anakaa kimya, unadhani hajasikia, kisha anakujibu sawasawa. Sokoni muuzaji akimharakisha, chenji inamchanganya. Akiachiwa muda hakosei hata shilingi. Akili haijapungua jamani, imepunguza mwendo! Mchana bati likishika moto ndiyo kabisa, maana joto huzidisha dalili za MS. Mama mkwe alishasema arudishwe kwao "akapumzike", na mnajua maana yake.

Sasa hapa pana utata. Uchovu, sonona na mawazo kwenda taratibu vinafanana, na vinavutana. Sonona peke yake huchosha mwili na kuchelewesha kufikiri. Na huwapata sana wenye MS, sio kwa huzuni ya kuugua tu, hata ugonjwa wenyewe kugusa ubongo unachangia. MS haina dawa ya kuiponya kabisa, lakini sonona inatibika: ushauri nasaha, dawa, mazoezi mepesi.

Basi nikamuuliza mumewe: analia? Ameacha vitu alivyovipenda? Anasema bora asingekuwepo? Akainamisha kichwa. Hilo la mwisho alishalisikia, akadhani ni hasira tu. Kesho yake tulikwenda hospitali wote watatu.

Wewe usikimbilie kujipa MS. Ukichoka, anza kupima damu. Upungufu wa damu kwetu ni wa kawaida zaidi. Ila kama tayari una MS na umejifungua, miezi 3 ya mwanzo usikose kliniki, maana ndipo huamka tena kirahisi.

Siku hizi dada anafua asubuhi kabla jua halijawa kali, na anakwenda sokoni na orodha. Mumewe anauliza swali moja, anasubiri. Mama mkwe bado hajakubali. Jumamosi nakwenda kuongea naye.